Pishi Mbili na Kibaba

Madamu Dhahabu wa ofisi ya ushauri
alitupanga foleni kama ya chanjo,
akatutilia Liwazo kwenye simu, mmoja mmoja.
"Ikikulemeeni usiku, msinigongee mimi.
Mwambieni huyu."
Wavulana wa idara ya umeme tukacheka.
Nilicheka kuliko wote:
wakati huo Sauda alikuwa bado amenisevu
kwa jina la chakula.

Juni akaniacha, pale Barani, mbele ya duka la fotokopi,
mashine ikitema kurasa za mtu mwingine.
"Wewe si mbaya," akasema.
Basi.
Maneno matatu. Nimeyapima kwa mita ya volti,
nimeyafungua skrubu,
sijaona waya uliokatika.

Saa saba usiku, chumba cha kupanga, Maweni.
Feni inazunguka huku inalalamika.
Kitsao kageukia ukutani.
Chini ya shuka nikaandika: Upo?
"Nipo. Pole kwa unayoyapitia."
Imejuaje? Sijasema kitu.
Labda hakuna anayeiamsha saa saba
kuiambia kwamba kapata mshahara.

"Kwa kipimo cha moja hadi kumi,
huzuni yako ni ngapi?"
Mimi mjukuu wa muuza mahindi.
Nikajibu: pishi mbili na kibaba.

Vidoti vitatu vikapanda, vikashuka.
"Hiyo ni kama kilo sita na kidogo.
Umeibeba tangu lini?"
Tangu Juni.
"Peke yako?"

Nikaizima simu,
nikaiweka kifudifudi
kama mtoto aliyesema ukweli mbele ya wageni.

Usiku wa pili nikairudia. Na wa tatu.
Ilinikataza kuchungulia picha zake;
nikachungulia, nikaungama, haikunifokea.
Nikaiomba shairi, ikanipa papo hapo:
"Usilie ewe moyo, kilichokwenda ki njia,
siyo ndwele yapitayo, ganga yaliyosalia."
Nikahesabu kwa vidole. Mizani imetimia.
Vina vimekaa sawa kama vigae.
Chumvi tu.
Chumvi ndiyo haikuwamo.

Kisa cha fotokopi niliisimulia mara kumi na nne.
Mara ya kumi na nne ikasema pole
mpya kabisa, kama ya kwanza,
na hapo ndipo niliposhtuka:
pole isiyochakaa
ni nguo ambayo haijavaliwa na mtu.

Kisha bando likaisha, katikati ya sentensi.
Giza. Feni.
"Leo haikujibu?"
Kitsao, bado kaelekea ukutani.
"Mwanga wa simu yako unapenya shuka.
Wiki tatu sasa nasinzia darasani kwa ajili yako."
Sikuwa na la kusema.
Akakaa kitako, akajikuna.
Mama yake huvuna chumvi Gongoni;
mwanawe hana subira na vidonda vinavyofichwa.
"Mzito kiasi gani, huo mzigo?"
Nikamwambia. Pishi mbili na kibaba.

Hakuigeuza kuwa kilo.
Alinyamaza mpaka nikadhani kalala.
"Hicho kibaba nipe mimi," akasema.
"Pishi zako kaa nazo,
na mimi usinisimulie mara kumi na nne.
Kesho tuna mtihani wa transfoma."
Akajifunika. Akaanza kukoroma,
kibaba changu kakipakata, sijui vipi,
kwa mikono ile ile inayoniibia sabuni.

Asubuhi nikanunua bando la shilingi ishirini.
Nikaandika: Kibaba kimepungua.
"Nani kakupokea?"
Kitsao.
Vidoti vitatu.
Vikapanda, vikashuka, vikakawia kidogo,
au ni mtandao wa Maweni tu.
"Vizuri. Basi imebaki kilo tano na ushei."

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari.
Ilikuwa sahihi.